Vinasaba si Nasaba: Uhakiki wa Tafiti za Ukoo wa Kiume wa Wahadzabe

Sifa zote njema zinamstahiki Allah (s.w.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Sahaba zake. Amma baad.

Ndugu msomaji, katika darsa yetu ya fiqhi hapa Bariadi kijana mmoja aliuliza swali lililonyamazisha kikao. Alikuwa amesoma kwamba wataalamu wamewapima Wahadzabe na kuijua asili yao kwa upande wa baba, na kwamba kipimo cha aina hiyo hutumiwa pia kumsaka mhalifu. Akasema: "Sheikh, ikiwa maabara inawajua mababa wa kabila zima, itashindwaje kumjua baba wa mtoto mmoja? Kwa nini basi tungali tunasoma mlango wa firashi na liani?"

Maulamaa wetu wametufundisha kwamba kulihukumu jambo ni tawi la kulielewa. Basi tuanze na tafiti zenyewe.

Wahadzabe ni jirani zetu. Idadi yao ni kama elfu moja na kitu, wanaishi kuzunguka Ziwa Eyasi, na baadhi yao wamo wilayani Meatu, humu humu mkoani Simiyu, karibu na Wasukuma na Wataturu. Lugha yao ina sauti za kualika ulimi, kama lugha za Wasan wa kusini mwa Afrika. Mwaka 2003 Alec Knight na wenzake waliandika juu yao katika jarida la Current Biology, na mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake wakaandika katika Molecular Biology and Evolution. Miongoni mwa waliyoyapima ni kromosomu Y, ambayo baba humrithisha mwanawe wa kiume peke yake. Takriban nusu ya wanaume wa Kihadzabe waliopimwa walikuwa katika tawi la kale linaloitwa B2b. Wengi wa waliobaki walikuwa katika matawi yanayopatikana pia kwa Wabantu na wafugaji wanaopakana nao. Ama baina yao na Wasan, walikuta umbali wa makumi ya maelfu ya miaka.

Kazi hii ina faida. Imeivunja dhana ya zamani kwamba kila anayealika ulimi ni wa kabila moja. Lakini ina kasoro mbili za kuzingatia.

Ya kwanza ni ya watafiti wa 2003. Wao walichukua umbali wa damu wakakisia kwa huo umri wa lugha, wakasema huenda sauti hizo ni masalio ya ndimi za wanadamu wa mwanzo. Dalili hiyo ni dhaifu. Nabii Ismail (a.s.) ni mwana wa Ibrahim (a.s.), lakini Kiarabu alijifunza kwa Jurhum waliokuja kukaa pale Zamzam, kama ilivyothibiti kwa Bukhari. Ukoo wake ulitoka kwa baba, ulimi wake ukatoka kwa majirani. Mwenye kusoma kromosomu ya baba peke yake hawezi kuyaona haya.

Ya pili ni ya wasomaji. Wanaipokea ile nusu kama kwamba ni wote, kisha wanasema Wahadzabe ni "damu safi ya kale". Utafiti wenyewe unawakadhibisha, kwani mwenye tawi la jirani na mwenye B2b wote ni Wahadzabe. Sura ya Al-Hujurat imetufahamisha kuwa mataifa na makabila yamewekwa ili tujuane, na ubora uko katika ucha Mungu.

Tuje kwenye upelelezi. Kromosomu Y husafiri kama asaba katika mirathi: baba, mwana, kaka, ami na mwana wa ami huwa nayo moja, ila mabadiliko machache. Alama zikitofautiana waziwazi, mtuhumiwa hutoka katika shaka, na hii ni faida kubwa. Zikilingana, tunajua kuwa aliyeacha alama ni mmoja wa watu wa ukoo ule. Hatujui ni nani. Mwaka 1998 ukoo wa Rais Jefferson wa Marekani ulipimwa hivi hivi; alama zikalingana na za kizazi cha mtoto mmoja wa mjakazi wake, lakini kipimo peke yake hakikuweza kumtenganisha Jefferson na ndugu yake.

Na hapa ndipo palipo hatari kwa watu wachache. Mtaalamu hutazama alama katika hazina ya kumbukumbu, kama ile iliyoanzishwa Berlin mwaka 2000, akaona ni adimu, akasema uwezekano wa mtu mwingine kuwa nayo ni mdogo. Lakini alama iliyo adimu duniani yaweza kuwa ya nusu ya wanaume wa kambi moja, kwa kuwa babu yao ni mmoja. Hakimu asiyeuliza "adimu wapi?" atamfunga mtu kwa kosa la binamu yake.

Dawa si kuwapima wote kwa nguvu. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilieleza kuwa wakazi wa Xinjiang wenye umri wa miaka 12 hadi 65 walikuwa wakikusanywa vinasaba vyao, na wengi wao ni ndugu zetu Waighur. Mwaka 2024 jarida moja la kampuni ya Wiley likaziondoa makala 18 kutoka China kwa mashaka juu ya ridhaa ya waliopimwa. Elimu iliyochukuliwa kwa dhulma hurudi kuwa silaha juu ya yule yule aliyedhulumiwa. Tena mmoja akitoa sampuli, amewatolea ami zake na wana wao bila ya wao kuulizwa.

Sasa jibu la kijana wetu. Neno lenyewe "vinasaba" limetuponza, maana masikio husikia nasaba. Waarabu wameuita ujuzi huu basma wiraathiyya, yaani alama ya urithi wa mwili. Nasaba ni hukumu ya kisheria yenye haki ndani yake: jina, matunzo, mirathi, umaharimu. Mtume (s.a.w.) alifurahi Mujazziz al-Mudliji alipotazama nyayo za Zayd na Usama (r.a.) akasema zinatokana, na jamhuri ya maulamaa wakachukua hapo hoja ya qiyafa. Lakini katika kesi ya mwana wa mjakazi wa Zam'a aliona wazi mfanano wa mtoto na Utba, na bado akamhukumu kuwa ni wa firashi, kisha akamwamrisha Sawda (r.a.) ajisitiri naye. Mfanano haukupuuzwa, wala haukuruhusiwa kuvunja kitanda cha ndoa.

Kwa msingi huo Baraza la Fiqhi la Rabita, lililokutana Makka mwezi wa Shawwal 1422, yaani Januari 2002, liliruhusu kipimo hiki kwa watoto waliochanganywa hospitalini, waliopotea na maiti wa maafa, na katika upelelezi wa makosa yasiyo ya hudud wala kisasi. Likazuia kukitanguliza mbele ya liani, na kukitumia kuzihakiki nasaba zilizokwisha thibiti.

Basi, imamu, akikujia mtu na karatasi ya maabara, muulize: kimepimwa nini, ukoo au mtu? Kwa ridhaa ya nani? Na je, firashi ipo? Ikiwa ipo, mfunikie mtoto sitara yake.

Wallahu aalam.