Subira kwa Herufi za Mbio

Kibaigwa, katika Wilaya ya Kongwa, ni mji wa mahindi na wa barabara. Malori hufikisha magunia ya Kongwa na Kiteto katika soko la kimataifa la nafaka, na mabasi ya Dar es Salaam na Dodoma hupita kutwa. Sisi wa visiwani, tuliozoea kusoma majina ya majahazi, hatuwezi kukaa kando ya barabara ile bila ya kusoma majina ya magari. Nimekaa, nimesoma, na nina neno na mafundi wa rangi.

Hati inayotawala pale ni moja: herufi nene, zilizobanwa mbavu, zikalazwa upande wa kulia kama mkimbiaji aliyetanguliza kifua. Ndiyo hiyo hiyo ya vichwa vya magazeti ya michezo. Mlazo wake, ajabu, ni mtoto wa ushairi. Aldus Manutius wa Venice alipotoa kitabu kizima kwa hati mlazo, mwaka 1501, kilikuwa cha mashairi ya Virgil, na herufi alizochonga Francesco Griffo ziliiga mkono wa mtu mwenye kalamu. Unene na kubanwa vilishika kasi katika karne ya 19, Uingereza, wapiga chapa wa mabango walipogombania macho ya wapita njia. Basi mkono wa msomi ukapewa sauti ya mnadi.

Kwenye gari sina ugomvi na sauti hiyo. Maneno yetu ni marefu na bodi la basi lina mwisho. Kubana ni haki. Illa fundi aangalie ubavu. Magari yetu hupita kushoto, kwa hiyo aliyesimama kando ya njia huona kwanza ubavu wa kushoto wa gari linalomkaribia. Upande huo neno huanzia mbele ya gari likaishia nyuma, na herufi iliyolalia kulia huwa imelalia nyuma: basi linakwenda Dodoma, jina lake linavutwa Morogoro. Ubavu wa kulia tu ndipo viwili hivyo hupatana. (Hati ya Kiarabu, inayosomwa kutoka kulia, ingekwenda sambamba na basi ubavu huo wa kushoto.) Fundi mwenye jicho angeugeuza mlazo upande mmoja, na kazi ikaisha.

Linaloniuma zaidi ni irabu. Unene hula tundu la herufi kwa ndani, na kubanwa hulifinya lililobaki, hata *a*, *e* na *o* ndogo zikawa punje tatu za mahindi. Mwarabu huandika bila ya alama za irabu fupi akaeleweka. Sisi hatuwezi: *pata*, *peta*, *pita* na *pota* ni maneno manne yaliyotenganishwa na irabu moja tu. Wazee wetu walioandika tenzi kwa hati ya Kiarabu waliijua taabu hii, kwani kasra moja ilibeba *i* na *e*, na dhuma moja ikabeba *u* na *o*. Msomaji alikamilisha kwa kujua lugha na kwa kufuata kina. Herufi za Kirumi, pamoja na yote tuliyoyapoteza kwa kuzipokea, zilitupa walau irabu tano zilizo wazi. Leo tunaziziba wenyewe kwa ajili ya kuonekana wepesi.

Dawa iko karibu. Herufi kubwa huvumilia unene: A ina miguu, E ina mlango, O ni duara. Kanga aghalabu huandikwa jina lake kwa herufi kubwa zilizosimama wima, na tunalisoma mvaaji akiwa mwendoni. Diwani za mashairi, ambazo baadhi ya majalada yake yameanza kuvaa hati hii ya mbio kwa herufi ndogo, zingejifunza kwa mwenye kanga kabla ya kwenda kwa mpiga chapa. Shairi letu hufunga kila kipande kwa irabu. Jalada linaloificha irabu limeanza vibaya.

Lori nililolipenda lilikuwa limeegeshwa karibu na soko. Nyuma, kwa herufi kubwa nyekundu, nene, zilizolazwa hadi karibu zianguke, fundi alikuwa ameandika SUBIRA. Nilicheka peke yangu. Nilipopita tena jioni, wapagazi walikuwa wamelala kivulini mwake, na hakuna gunia lililokuwa limepakiwa.