Tundu la Simbi

Mtu wa pwani anayeingia soko la Nakasero na kuulizia bei kwa Kiganda hutajiwa ensimbi, na sikio lake, lililozoea kusikia simbi ikitajwa kwa maana ya kauri, halikosi kutambua ya kwamba fedha ya Kampala, mji ulio mamia ya maili kutoka bahari, ingali inaitwa kwa jina la kombe la baharini.

Masultani wa Kilwa, mfano Ali bin al-Hasan wa karne ya 11, walipogonga sarafu zao za shaba, waliandika jina la mtawala upande mmoja na tamko la kumtegemea Mola upande wa pili, vina vikiitikiana, hata muuza samaki aliyefumbata pesa moja akawa amefumbata dola. Simbi haikuandikwa jina la mtu. Basi Kabaka, mfalme wa Waganda, aliitawalaje?

Aliitawala kwa njia ambayo simbi iliingilia. Kabla ya simbi Waganda walitumia visahani vya pembe za ndovu viitwavyo ssanga. Kauri zilipowafikia, zama za Kabaka Ssemakookiro kwa mujibu wa padri John Roscoe, zilipanda kutoka pwani, na baadaye wafanyabiashara wa Kiarabu na Kiswahili waliozileta walikuwa hawana budi kwanza kuhudhuria barazani kwa Kabaka.

Ama ufundi wenyewe ulikuwa katika tundu. Kila simbi ilitobolewa mgongoni, ikatungwa na wenziwe katika uzi wa mgomba, mia mia, na tangu hapo aliyelipa hakuhesabu kombe bali mitungo: kwa bei alizozinakili Roscoe, mbuzi alikuwa mitungo 5, ng'ombe 25, na kuku robo ya mtungo mmoja. Nastaajabia hesabu hii, ambayo asiyejua herufi hata moja aliweza kuihakikisha kwa kiganja.

Mapatano ya 1900 kati ya Uingereza na Buganda yalileta kodi ya nyumba ya rupia 3, nayo rupia ilikwenda kwa simbi zipatazo 1,000. Ndiyo kusema nyumba moja ilidaiwa mitungo 30. Punde serikali ikaacha kuzipokea. Zikaja senti, mia kwa rupia, kila moja ikichukua nafasi ya simbi kumi. Na senti ya aluminiamu ya 1908, yenye taji na jina la Mfalme Edward kwa mbele na pembe za ndovu kwa nyuma, ilikuwa na tundu katikati.