Hundi na Ndoto

Msemaji hodari hajulikani kwa wingi wa mapambo aliyoyatia katika hotuba yake, bali kwa kazi aliyoyapa mapambo hayo. Upewapo hotuba darasani, msomaji, usikimbilie kuandika kwamba hapa pana takriri na pale pana istiara, kisha ukaweka kalamu chini. Jiulize: pambo hili likiondolewa, hoja itapungukiwa na nini? Na tuijaribu kanuni hii kwa hotuba ya Mchungaji Martin Luther King, aliyoitoa Washington tarehe 28 Agosti 1963 mbele ya watu wapatao 250,000, waliokusanyika kudai kazi na uhuru kwa watu weusi wa Marekani.

Kwanza tazama mahali. King alisimama penye jengo la kumbukumbu ya Abraham Lincoln, rais ambaye tarehe 1 Januari 1863 alitia sahihi tangazo la kuwapa uhuru watumwa wa majimbo yaliyoasi. Alipoitaja miaka mia iliyopita tangu siku ile, alianza kwa kuihesabu kwa ishirini ishirini, kama mfanyabiashara ahesabuvyo nguo kwa korija, kwa kuwa Lincoln naye alihesabu miaka hivyo katika hotuba yake ya Gettysburg. Kwa hesabu hiyo marehemu akafanywa shahidi. Kisha King akarudia mara nne kwamba miaka mia imepita, na kila mara akaitaja hali ya mtu mweusi: hajawa huru, amefungwa na ubaguzi, ni maskini kati ya matajiri, ni mgeni katika nchi yake mwenyewe. Takriri hii haikuwekwa kwa utamu wa sikio. Ni sauti ya mdai asomaye daftari la madeni, mstari kwa mstari.

Ndipo ijapo istiara iliyo kuu kuliko zote. Sisi husema ahadi ni deni, na hoja ya King imejengwa juu ya maana iyo hiyo. Waasisi wa Marekani, alisema, walipoandika Katiba na Tangazo la Uhuru, walitia sahihi hati ya deni kwa kila raia. Lakini mtu mweusi amepewa hundi mbovu, iliyorudishwa kwa kuwa fedha hazitoshi. Naye alikataa kuamini kwamba benki ya haki imefilisika. Angalia kazi ya istiara hii. Mwombaji huinama, mdai husimama wima. Mwombaji hushukuru apewapo kidogo; mdai hutaka haki yake yote, tena leo. Kwa picha ya benki, jambo la huruma limegeuka kuwa jambo la haki.

Si kila picha katika hotuba ile ina nguvu hiyo. Bonde lenye giza, njia yenye jua, mchanga unaodidimiza na mwamba imara hufuatana upesi, hata kabla moja haijatua moyoni nyingine imekwisha kuingia.

Sehemu ijulikanayo zaidi ni ile ya ndoto. Haikuwamo katika maandishi aliyoyaandaa kwa siku ile, ingawa alikuwa amekwisha kuisema Detroit mwezi wa Juni. Hapa takriri imebadili kazi. Ile ya kwanza ilihesabu yaliyokosekana. Hii inahesabu yanayotumainiwa: wana wa watumwa na wana wa mabwana wakiketi meza moja huko Georgia, na watoto wake wanne wakipimwa kwa tabia, si kwa rangi.

Wengi wameikumbuka ndoto wakaisahau hundi, maana ndoto ya mtu haimlazimishi mwingine kutoa kitu. Sheria ya haki za raia ya 1964, na ile ya kupiga kura ya 1965, hazikuletwa na hotuba moja. Zililetwa na watu walioandamana, waliofungwa, na wengine waliouawa. Hao hawakuwa wakiomba hisani. Dawa ya deni ni kulipa. Basi, msomaji, uisomapo hotuba hii, usiruke kwenda kwenye ndoto. Anza na hundi.