Mwanga wa bluu ndani ya utumbo mpana

Mtu wa Mbagala au Bunju, pembezoni mwa Dar es Salaam, akiona damu chooni, neno la kwanza kutajwa nyumbani ni bawasiri. Atanunua dawa ya kupaka, atakunywa mitishamba, na miezi itapita. Mara nyingi huwa ni bawasiri kweli. Lakini damu hiyo hiyo huweza kutoka kwenye polipu, kinyama kinachoota kwenye ukuta wa utumbo mpana, na baadhi ya polipu zikiachwa kwa miaka hugeuka saratani. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Uganda hadi 1966, aliandika mwaka 1971 kwamba saratani hiyo ni adimu kwa Waafrika wa vijijini, akaihusisha na vyakula vyao vyenye nyuzinyuzi nyingi. Mbagala ya leo haili kama vijiji vile.

Polipu hutafutwa kwa endoskopi, kamera inayopitishwa kwenye njia ya haja kubwa hadi ndani ya utumbo mpana. Kwa mwanga wake mweupe, ukuta wa utumbo ni wa waridi, na polipu bapa nayo ni ya waridi. Daktari anapobonyeza kitufe kwenye mpini wa kamera, chujio hukata sehemu kubwa ya mwanga na kubakiza mikanda miwili myembamba: bluu ya nanomita 415 na kijani ya nanomita 540. Himoglobini hufyonza sana mawimbi hayo. Bluu huishia tabaka la juu, kwa hiyo vishipa vya hapo huonekana vya kahawia; kijani huzama zaidi, na mishipa ya chini hutokea kwa samawati. Polipu isiyo na hatari kwa kawaida hufanana rangi na ukuta uliozunguka, au hufifia kidogo. Adenoma, ile inayoweza kuwa saratani, huonekana ya kahawia zaidi, vishipa vikizunguka vijishimo vyeupe vya mviringo au vya matawi. Mchoro ukivurugika na vishipa kukatikakatika, huenda saratani imeshapenya chini.

Usomaji huu una uzito kiasi kwamba mwaka 2011 chama cha endoskopi cha Marekani kilikubali polipu za hadi milimita 5 karibu na njia ya haja kubwa ziachwe bila kukatwa, mradi daktari anaposema si adenoma awe sahihi kwa asilimia 90 au zaidi. Hapa kwetu nisingeruhusu hilo bado. Dar imejaa watu waliokulia Kanda ya Ziwa, kwenye kichocho cha tumbo, nacho huotesha polipu. Mayai ya vimelea vyake huthibitishwa kwa darubini, si kwa mwanga huu. Polipu ikatwe, ipelekwe maabara.

Na mwanga wowote haupenyi kinyesi. Utafiti uliochapishwa 2006 ulionyesha kwamba madaktari wanaotumia wastani wa dakika 6 au zaidi kuitoa kamera taratibu hupata adenoma nyingi kuliko wanaoharakisha, lakini utumbo lazima uwe safi. Dawa ya kusafisha husafisha vizuri zaidi ikigawanywa, nusu ya pili ikinywewa saa nne hadi sita kabla ya kipimo. Anayetoka Mbagala kwa daladala kwenda kupimwa asubuhi Hospitali ya Muhimbili analazimika ama kuinywa usiku wa manane ama kuwa njiani ikiwa inamwendesha. Wengi wataiacha nusu. Wagonjwa wa pembezoni wapangiwe zamu za mchana: wainywe alfajiri, wamalize kuharisha wakiwa nyumbani, ndipo wapande gari.