Unene Ndio Mtihani: Kuchagua Samani za Nyumba ya Mwanasesere Isiolo

Mtu akiwekewa kiganjani kigoda kinachotoshea juu ya ukucha wa kidole gumba, neno la kwanza kumtoka ni kwamba ni kidogo mno. Udogo si sifa ya fundi. Kisu kikali na subira vinatosha kuupunguza mti. Ugumu uko kwingine: mti unapungua, lakini nyuzi zilizo ndani ya mti hazipungui. Shanga haipungui. Vanishi haipungui, wala gundi, wala ugumu wa ngozi. Fundi bora wa samani za nyumba ya mwanasesere anavijua vitu vinavyokataa kupungua, na ana njia yake ya kukabiliana na kila kimoja. Mnunuzi bora anajua pa kutazama ili aone kama fundi ameshinda au ameshindwa.

Sijui mji wa kujifunzia kutazama huko unaozidi Isiolo. Hapa wanakutana Waborana, Wasomali, Waturkana, Wasamburu na Wameru, na wafugaji miongoni mwao wana samani za aina yake: chache, nyepesi, zilizotengenezwa ili zihamishwe. Kigoda, vyombo vya maziwa, mikeka, kitanda cha fito, kengele ya mti ya ngamia. Chumba kizima unaweza kukijenga upya kwa udogo bila kuongeza hata kitu kimoja cha kubuni. Tena mji huu una mikono iliyozoea kazi ndogo. Kwa miaka mingi lami iliishia hapa, na msafiri wa kwenda Marsabit au Moyale aliposimama alizungukwa na wauzaji wa bangili za shaba na aluminiamu zilizosokotwa nyuzi kwa nyuzi, pamoja na sime ndani ya ala za ngozi. Anayeweza kusokota waya wa bangili ukalala sawa amekwisha kufika nusu ya safari.

Anza na rula. Kipimo kinachotumika zaidi duniani kwa nyumba za wanasesere ni moja kwa kumi na mbili. Ndicho alichokitumia msanifu Edwin Lutyens kati ya 1921 na 1924 katika nyumba ya Malkia Mary wa Uingereza, ambayo hadi leo iko Windsor, na ambayo ina maji ya bomba, umeme na lifti. Kwa kipimo hicho kigoda cha sentimita 18 kinakuwa sentimita moja na nusu, chombo cha maziwa cha sentimita 36 kinakuwa 3, na kitanda cha sentimita 180 kinakuwa 15. Mwuzaji akikupangia seti, pima vitu vitatu ugawanye. Seti nyingi za mapambo ya watalii huvunjika hapo hapo: kigoda kimepunguzwa mara kumi na mbili, kibuyu mara nane, na ngamia aliye nje anaweza kuingia chini ya kitanda. Kila kimoja kinapendeza kikiwa peke yake, lakini vikiwekwa pamoja havikai nyumba moja.

Ukimaliza urefu, nenda kwenye unene, na hapa nitakaa.

Shanga ya kawaida ya milimita 3 ni ndogo mkononi. Izidishe kwa kumi na mbili, unapata sentimita 3.6, yaani ukubwa wa ndimu. Kwa hiyo chombo cha maziwa cha mwanasesere kilichozungushiwa shanga halisi ni chombo kilichovikwa mkufu wa ndimu. Kauri ni mbaya zaidi: kauri ya sentimita 2 inageuka kuwa pambo la sentimita 24 kwenye chombo ambacho chenyewe kingekuwa na urefu wa 36. Watu hupenda vitu hivi kwa sababu shanga na kauri ni za kweli, na huo ukweli ndio unaowadanganya. Fundi mwenye jicho anaacha shanga, anaweka mafundo ya uzi wa rangi au vitone vya rangi kwa ncha ya mwiba, na pambo linarudi mahali pake. Nikikuta mafundo hayo, huwa naamini kazi iliyobaki hata kabla sijaikagua.

Ngozi nayo. Ngozi ya mbuzi yenye unene wa milimita moja inawakilisha ngozi ya sentimita 1.2, ambayo hakuna mnyama wa boma anayeitoa. Ukanda wa kubebea kigoda lazima ukwanguliwe upande wa nyama hadi uwe kama utando, na uanguke. Jaribu: kigeuze kigoda juu chini. Ukanda ukibaki umesimama hewani, ngozi ni nene. Ukining'inia, mtu amekaa na wembe wake muda mrefu. Kitambaa kinapimwa vivyo hivyo. Frances Glessner Lee wa Marekani, aliyetengeneza katika miaka ya 1940 vyumba vidogo vya kuwafundishia wapelelezi, alifuma soksi za wanasesere wake kwa pini badala ya sindano za kufumia. Hakufanya hivyo kwa maringo. Uzi mnene ungeharibu chumba chote.

Gorfa ya Waborana ndiyo inayotenganisha mafundi. Ni chombo cha maziwa kinachosukwa kwa nyuzi za mizizi, kwa mshono uliobana kiasi cha kutovuja. Gorfa ndogo ikichongwa kwa mti na kuchorwa mistari ili ifanane na msuko, iache; ni picha ya gorfa. Iliyosukwa kweli, hesabu mizunguko yake kutoka kitako hadi shingo, kisha nenda sokoni uhesabu gorfa kubwa. Uzi wa cherehani una unene wa kama robo milimita, na ukishazungushiwa uzi wa pili unaongezeka, kwa hiyo gorfa ya sentimita 3 haitafikia hesabu ya kubwa. Ikifika nusu, umeshika kazi adimu. Baada ya mizunguko tazama shingo. Msukaji aliyechoka huanza kuruka mishono shingoni, kwa kuwa hapo mzingo unabanana na sindano haipiti vizuri. Mwisho ni kifuniko. Kishike chombo juu chini bila kutikisa: kifuniko kishike kwa kubana kwake, si kwa gundi wala kwa nta. Kifuniko kisichofunguka hakina faida. Katika nyumba ya kweli mtu angenywea maziwa.

Mti unahitaji maneno zaidi kidogo, kwa sababu watu hununua rangi ya mti badala ya nyuzi zake. Saipresi ina mistari ya miaka iliyo wazi. Milimita 3 kati ya mstari na mstari inaonekana kama mbao iliyochanwa kwa sentimita 3.6. Grevilea inayoshuka kutoka mashamba ya Meru ina madoa mapana yanayometameta, mazuri sana kwenye meza ya sebuleni na yasiyofaa kabisa kwenye meza ya mwanasesere. Mgunga una vitundu vikubwa. Utakacho ni mti ambao jicho halioni nyuzi zake bila kuusogeza: mpingo, au mzeituni mwitu ambao Waborana huuita ejersa. Mathenge iko katikati, na mimi huipa nafasi kuliko wengine wanavyoipa. Mti huo ulienezwa katika maeneo makavu ya Kenya, hasa miaka ya 1970 na 1980, ili kuzuia ardhi isipeperuke, kisha ukayavamia malisho. Kiini chake ni kigumu, chekundu cha kahawia, na hakipindi sana kikikauka. Kila kigoda kinachotoka kwenye mathenge kinanifurahisha mara mbili.

Kisha uliza nyuzi zinaelekea wapi. Kiegemeo cha Waturkana, kile wanachokiita ekicholong, ambacho mwanamume hukikalia mchana na usiku akakilalia kichwa ili mtindo wake wa nywele usiharibike, huchongwa kutoka kipande kimoja bila kiungo. Kikiwa kidogo, mguu wake una unene wa kijiti cha kiberiti au chini ya hapo. Nyuzi zikienda sambamba na mguu, utadumu. Zikiukata mguu, utakatika siku ya kwanza mtoto atakapokiangusha. Lowesha kidole, pitisha mguuni, geuza kuelekea jua, nyuzi zitajionyesha. Mwuzaji asiyekuruhusu kulowesha amepaka kitu kisichopenda maji.

Na hicho mara nyingi ni kiwi ya viatu. Inafanya mti mweupe uonekane mpingo. Sugua kwa kitambaa cheupe, hasa chini ya kitako na katika pembe za ndani. Mti wa kweli hauachi weusi.

Nyumba yenyewe ukiipata, usiihukumu kwa paa. Nyumba ya wafugaji wa kaskazini ni fito zilizopindwa zikafungwa na kufunikwa mikeka, na hujengwa na kumilikiwa na mwanamke. Labelle Prussin, katika kitabu chake cha 1995 kuhusu usanifu wa wahamaji wa Afrika, ameeleza jinsi fito hizo hizo zinavyogeuka kuwa tandiko la ngamia siku ya kuhama. Basi nyumba ndogo iliyo bora inavunjika na kujengwa tena. Fungua kamba moja, toa ufito, urudishe. Ikiwa kila kitu kimeshikwa kwa gundi, ulichonacho ni sanamu ya nyumba. Angalia pia kama fito zilipindwa zikiwa mbichi au zilivunjwa kidogo kidogo. Upande wa nje wa pindo hutoa nyufa ndogo pale mti ulipolazimishwa ukiwa mkavu. Wengine hutumia waya, na waya unapinda vizuri mno, unene ule ule kutoka mwanzo hadi mwisho. Ufito wa kweli ni mnene chini na mwembamba juu. Jicho linajua hata kama mtu hajui kueleza.

Kazi ya chuma ni fupi. Waya mmoja kutoka ndani ya kebo laini ya umeme, wenye unene wa robo milimita hivi, unatoa bangili za mwanasesere na mshikio wa birika. Birika na sufuria za aluminiamu ziwe zimegongwa, na kingo zisiwe na uvimbe wa risasi ya kuungia. Zisimetemete sana. Chombo kinachokaa jikoni kwenye moshi haking'ari, na nukta moja ya mng'aro kwenye kitu cha sentimita mbili inafunika umbo lake lote.

Sasa ukarabati, kwa maana vitu vingi vizuri vinavyopatikana vimekwisha kupakwa na mtu mwingine. Vanishi ya moja ya kumi ya milimita ni ganda la milimita 1.2 kwa kipimo chetu; pembe zinapotea, mchoro unajaa, kigoda kinaonekana kimechovywa kwenye asali. Ganda hilo litolewe kwa wembe uliosimama wima, ukikwaruza kuelekea upande mmoja. Msasa uje baadaye, mwembamba, wa namba 400 au zaidi, na usiguse kingo. Ukinunua kitu kilichokarabatiwa, kingo ndizo zitakazokuambia: kingo za mviringo kila upande kwa usawa ni kazi ya msasa wa mtu mwenye haraka. Kingo zilizolika mahali mikono ya watoto ilipopita tu, wakicheza kalongolongo, ni za miaka. Weupe kama unga kuzunguka kiungo ni supagluu iliyomwagika. Husuguliwa ukatoka, lakini unakuambia kwamba kiungo kilivunjika na hakikutengenezewa tundu wala ulimi.

Badala ya vanishi, nta ya nyuki iliyopakwa kwa joto la kidole na kufutwa karibu yote. Na kuna jambo ambalo akina mama wa kaskazini walilijua kabla ya mkusanyaji yeyote: moshi hauna unene. Vyombo vya maziwa husafishwa kwa moshi wa ejersa na miti mingine, na moshi huo huupa mti na msuko wekundu unaoingia ndani bila kuongeza ganda juu. Kitu kidogo kilichofukizwa kina rangi ya kina na mchoro wake wote bado uko wazi. Kinuse. Harufu ya moshi hukaa miaka, na kiwi haiwezi kuiiga. Kitu kama hicho usikipige msasa hata kidogo, kwani rangi imeingia kidogo tu, na ikitoka hairudi. Wanasesere wa Kiturkana waliotengenezwa kwa tunda la mkoma nao usiwakarabati kabisa. Mafuta na vumbi vilivyoganda mwilini mwao vilitoka kwa msichana aliyewabeba, na akitokea mtu wa kukuuzia aliye safi kama mpya, lipa bei ya kitu kipya.

Ushauri wa mwisho ni kwa wanaonunua Isiolo na kuishi Pwani. Hewa ya hapa ni kavu, na mti uliochongwa hapa umekwisha kusinyaa. Ukifika Mombasa au Lamu utavuta unyevu na kuvimba. Kifuniko kinachobana vizuri sana hapa kitakwama huko, na ukikilazimisha shingo itapasuka. Chagua kinacholegea kidogo, kiasi cha karatasi moja kupita. Anayechukua kitu kutoka Pwani kuja huku achague kinachokaza.