Askari Peke Yao Hawatoshi: Hadithi ya Kinga Tunayoisimulia Nusu

Msomaji, umeambiwa mara ngapi kwamba chembe nyeupe za damu ni askari wa mwili? Mimi niliambiwa shule ya msingi, nikazichora kwenye daftari zikiwa na bunduki. Leo nasomea virusi na mfano ni uleule: vitabuni, redioni, na tukubali tu, hata kwenye makala zetu wenyewe. Ulitusaidia kuanza. Sasa unatupotosha.

Niligundua hilo likizo, nyumbani Bashay. Mjomba wangu ni mfugaji. Akaniuliza: "Mjomba," maana ndivyo tunavyoitana, "kama mwilini kuna askari, mbona ile Homa ya Bonde la Ufa ilipopita kondoo walitupa mimba hivyo? Askari walikuwa wamelala?" Nikamjibu kwamba askari walizidiwa nguvu. Jibu la ovyo kabisa.

Ugonjwa anaousema si mchezo. Katika mlipuko wa 2006–2007 Tanzania ilihesabu wagonjwa 309, wakafa 144, na Manyara ilikuwa miongoni mwa mikoa iliyoguswa. Sasa tazama mambo yanavyokwenda ndani ya seli moja, kabla askari yeyote hajafika.

Fikiria mashine ya kusaga ya kijijini. Kirusi hakina mashine yake ya kutengeneza protini, kwa hiyo kinaingia kwenye seli na kusaga mahindi yake kwa dizeli yako. Lakini mle ndani kuna mlinzi, protini iitwayo PKR. Kazi yake ni kunusa RNA yenye nyuzi mbili, ambayo mara nyingi ni dalili kwamba kirusi kinajinakili. Akishainusa, anabandika fosfeti kwenye protini nyingine, eIF2, ambayo bila yake usagaji hauanzi. Injini inazima. Mwizi hasagi, na wanakijiji nao hawasagi. Wakati huohuo seli hutoa interferoni, tangazo kwa majirani: ongezeni walinzi, mwizi yuko mtaani.

Kirusi cha Homa ya Bonde la Ufa kina jibu lake, protini iitwayo NSs. Hiyo inamfanya PKR aburutwe hadi kwenye jaa la seli na kusagwasagwa. Pia inazuia jeni za seli zisisomwe, hivyo tangazo la interferoni halitoki. Kwa hiyo mjomba, askari hawakulala. Aliyepaswa kupiga yowe alizibwa mdomo.

Kosa la kwanza la mfano wa askari ni hilo: unaifanya seli kuwa raia anayesubiri kuokolewa, wakati kila seli ina silaha zake. Kosa la pili linatutoa pesa mfukoni. Ukiamini kinga ni jeshi, utaamini pia kwamba jeshi kubwa zaidi ni bora zaidi, na anayeuza unga wa "kuongeza kinga" atakupata kirahisi. Kwani PKR akizima injini moja kwa moja itakuwaje? Seli inakufa. Hata homa na maumivu ya mwili unayoyasikia ukiugua, sehemu yake inaletwa na interferoni. Kinga hii ina gharama, na uzuri wake ni kuwaka kwa wakati na kuzima kwa wakati.

Kosa la tatu ndilo linalomgusa mjomba: mfano huo hauwezi kumweleza kwa nini chanjo hazifanani. Chanjo ya zamani ya mifugo, Smithburn, ilitokana na kirusi kilichopatikana Uganda 1944 na kupunguzwa makali kwenye ubongo wa panya, na inaweza kusababisha mnyama mwenye mimba kuitupa. Mfugaji aliyesikia hivyo ana haki ya kuwa na wasiwasi. Nyingine, Clone 13, iliyosajiliwa Afrika Kusini 2010, ni kirusi hai kilichopoteza sehemu kubwa ya jeni ya NSs. Kinaingia, lakini hakiwezi kumziba mlinzi mdomo. Ushahidi? Panya wa kawaida hustahimili Clone 13. Panya walioondolewa kipokezi cha interferoni huuawa nayo. Udhaifu wake unaonekana pale tu majirani wanapoweza kusikia tangazo.

Sisemi tuwafukuze askari. Kingamwili zipo, na chanjo nyingi huzitegemea. Nasema hadithi ianzie ndani ya seli, kwa mlinzi wa mashine, kisha ndiyo tufike kwa askari.

Nilimpigia mjomba simu nikamsimulia upya. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Sasa hiyo waliyotuletea sisi ilikuwa ipi kati ya hizo mbili?" Nikamwambia amuulize daktari wa mifugo jina la chanjo kabla ya kuchanja kondoo wenye mimba. Kwa miaka yote ya hadithi ya askari, hakuwahi kuwa na sababu ya kuuliza swali hilo.