Mpiga kura aliyekuwa nyumbani kwa Softie

Nimeitazama Softie mara tatu. Mara ya mwisho niliitazama kwa simu, nimeketi kwenye kreti ya soda kwa mama mboga wangu hapa Kitengela, na ni yeye aliyeniharibia filamu.

Sam Soko alimfuata na kamera Boniface Mwangi, mpiga picha aliyegeuka mwanaharakati, alipowania ubunge wa Starehe mwaka 2017 kwa tiketi ya Ukweli Party. Mwangi alikataa kununua kura. Jaguar wa Jubilee akamshinda. Vijana tuliipenda filamu hii kwa sababu inatwambia tunachotaka kusikia: sisi ni wasafi, wapiga kura ndio wamejiuza.

Tulipofika pale watu wanamwomba mgombea pesa, nilicheka kwa dharau. Mama hakucheka.

"Huyo ameacha kazi aje kumsikiliza. Watoto watakula sera?"

Hapo ndipo Softie inaponikwaza. Inamwona mtu akinyoosha mkono, kisha inamwacha. Haimfuati nyumbani. Kitengela tunanunua maji kwa mtungi. Anayetaka kujua tutapiga kura vipi aanzie kwenye huo mtungi. Kajiado si ya chama: ugavana ulienda ODM 2013, Jubilee 2017, ODM tena 2022. (Hizo mbili za mwisho mshindi ni yule yule, Joseph ole Lenku. Kubadilisha koti tu.)

Mswada wa Fedha wa 2024 ulipotaka kutoza mkate VAT ya asilimia 16, mama huyu hakuhitaji kufundishwa katiba. Serikali iliuondoa mkate kabla ya Juni 25, lakini neno lilikuwa limeshafika jikoni. Hajawahi kuandamana, ila siku hiyo alituwekea ndoo ya maji ya kunawa macho. Nami, niliyekula sukuma yake kwa deni tangu niache chuo, nilikuwa nimemwambia wiki chache kabla: "Nyinyi mnakula mia mbili za wanasiasa halafu mnalia." Deni likafungwa mwezi mzima. Haki yake.

Kwa hiyo safari hii nilimtazama Njeri, mke wa Mwangi, kwa jicho lingine. Mwangi anapanga: Mungu, nchi, kisha familia. Njeri hakubali. Zamani nilimwona kama breki. Kumbe ndiye mpiga kura wa katikati, yuko humo humo ndani ya nyumba: anaipenda nchi, anajua mumewe ana hoja, lakini kuna watoto watatu na vitisho. Soko anampa muda, anamwacha aongee mpaka amalize, ndiyo maana hizo ndizo sehemu bora za filamu. Angempa mkazi mmoja tu wa Starehe nusu ya muda huo, tungekuwa na filamu nyingine.

"Baada ya kushindwa," mama akauliza, akikata sukuma, "alirudi kwa wale waliomwomba pesa?"

Nikarudisha video nyuma nitafute. Bando ikaisha.